Kwa Nini Watu Huzipenda Ndege za Kale

Mzazi yeyote anayeishi Dodoma karibu na kiwanja cha ndege ameliona jambo hili. Mngurumo ukisikika, watoto huacha walichokuwa wakikifanya, hutoka nje na kuinua vichwa. Wengi hurudi ndani mara ndege inapopotea machoni. Lakini wapo wachache ambao hubaki wamesimama, na baadaye huuliza: Ile ilikuwa na injini ngapi? Imetoka wapi? Mbona mabawa yake yako juu ya kiwiliwili na ya ile nyingine yako chini? Makala hii imeandikwa kwa ajili ya hao wachache, na zaidi kwa ajili ya wazazi wao.

Miezi michache iliyopita mzazi mmoja alifika mbele ya kamati ya msikiti wetu akiwa na malalamiko. Mwanawe wa miaka 12, alisema, akitoka darasa la alasiri hapitii nyumbani. Huenda kusimama mbali kidogo na uzio wa kiwanja, na nusu ya daftari lake la hesabu imejaa herufi na namba za ndege. "Ustadhi Katibu," aliniuliza, "mapenzi haya yatamlisha? Na kama hayatamlisha, si pumbao tu?" Swali lile halikuwa la mchezo. Baba anayehangaikia riziki ana haki ya kujua muda wa mwanawe unakwenda wapi. Niliomba kulitazama daftari, na humo ndimo nilimoanzia kutafuta jibu.

Herufi zilizojaa katika daftari lile ni namba za usajili. Kila ndege ya kiraia duniani huandikwa alama ya nchi yake, kama gari linavyobeba namba. Ndege za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y, na za Uganda 5X. Kabla ya uhuru, ndege za Tanganyika zilianza na VR-T, na za Kenya VP-K. Kwa hiyo anayezisoma alama hizi katika picha ya zamani huweza kutambua ndege ilikuwa ya nchi gani, na mara nyingi ilikuwa katika zama zipi. Mtoto yule alikuwa anajifunza kusoma historia bila kujua kuwa ndilo jina la kazi anayoifanya.

Tuchukue alama moja tu, 5H-MOG, tuone inatufikisha wapi.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza safari zake mwaka 1946 kwa ndege ndogo za Dragon Rapide, zenye mabawa ya ghorofa mbili yaliyotengenezwa kwa mbao na kitambaa. Baada ya miaka 20, shirika hilo hilo, likiwa mali ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja, lilianza kurusha Super VC10, ndege ya Kiingereza yenye injini nne za jeti zilizofungwa mkiani, mbili kila upande. Jumla lilimiliki tano. Zilisajiliwa kwa kugawanywa baina ya nchi tatu: mbili kwa alama ya Uganda, mbili kwa ya Tanzania na moja kwa ya Kenya. Moja kati ya zile za Uganda iliangamia Addis Ababa mwezi Aprili 1972 ilipokuwa ikijaribu kupaa, na watu 43 wakapoteza maisha. Nne zilizosalia ziliendelea na kazi hadi shirika lilipovunjika mwaka 1977, mwaka ule ule ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilivunjika na Air Tanzania ikaundwa.

Ndege hizo nne zilirudi Uingereza. Jeshi la anga la nchi hiyo lilizinunua, likazigeuza kuwa matangi ya kubebea mafuta ya kuzijaza ndege nyingine zikiwa angani, likazipaka rangi ya kijivu na kuzipa namba mpya. 5H-MMT ikawa ZA147, na 5H-MOG ikawa ZA150. Zilitumika kwa miongo kadhaa. Siku ya tarehe 24 Septemba 2013, ZA150 ilitua Dunsfold, kusini mwa Uingereza, ikastaafu. Kesho yake ZA147 ilitua Bruntingthorpe, na tangu siku hiyo hakuna VC10 iliyoruka tena duniani. Basi ndege mbili za mwisho za aina hiyo kuonekana angani zote zilikuwa zimezaliwa na alama ya Tanzania. Kuna jambo jingine pia: zilitengenezwa VC10 54 tu, na ya 54, iliyofunga hesabu, ndiyo 5H-MOG yetu, iliyokabidhiwa mwaka 1970.

Ndege hiyo ipo hadi leo kwa sababu ya watu wenye mapenzi ya aina hii. Makumbusho ya Brooklands, mahali VC10 zilipotengenezwa, iliichukua, na watu wa kujitolea wakawa wakiikagua, wakisafisha mifumo yake na hata kuziwasha injini zake ili zisife. Katika makumbusho hayo imo pia VC10 iliyokuwa ya Sultani Qaboos wa Oman, ambayo ilipelekwa huko mwaka 1987 badala ya kuuzwa kama chuma chakavu. Kwa hiyo kijana wa Dodoma anayeandika "5H" katika daftari la hesabu, na mzee mstaafu wa Uingereza anayepaka mafuta magurudumu ya ndege isiyoruka, wanashughulika na kitu kimoja, ingawa hawatakutana kamwe.

Kwa nini VC10 iliundwa jinsi ilivyoundwa? Hapa ndipo uwanda wetu wa kati unapoingia katika habari hii.

Bawa la ndege hubebwa na hewa, na injini huvuta hewa ili kuchoma mafuta. Hewa ikiwa nyepesi, bawa hubebwa kidogo na injini hupungukiwa nguvu. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ile ya pwani. Jua la mchana likiwaka, huwa nyepesi zaidi. Ndege inayopaa Dar es Salaam bila taabu huhitaji kukimbia masafa marefu zaidi ardhini ikiwa Dodoma, Tabora au Nairobi. Waundaji wa VC10 walitakiwa kutengeneza ndege kubwa itakayoweza kupaa katika viwanja vya Afrika na Asia vyenye joto, vilivyo juu, na vyenye barabara fupi za kurukia. Ndiyo maana waliziweka injini mkiani: bawa likabaki safi, likajazwa vifaa vya kuongeza ubebaji kwa urefu wake wote. Umbo ambalo wapenzi wa ndege hulisifu kwa uzuri lilitokana na joto na miinuko ya nchi kama yetu.

Somo hilo la hewa nyepesi lilikuwa limelipiwa zamani, na sehemu ya malipo ilifanyika Tabora. Mwezi Januari 1920 ndege ya Vickers Vimy iliruka kutoka Brooklands hapo hapo, ikigharimiwa na gazeti la The Times la London, kujaribu kufika Cape Town. Ndani yake alikuwamo mtaalamu wa wanyama, Peter Chalmers Mitchell, pamoja na marubani na mafundi. Wakati huo ndege aina ya Vimy ilikuwa na sifa kubwa, kwa kuwa mwaka mmoja nyuma Alcock na Brown walikuwa wameivukia bahari ya Atlantiki bila kutua. Lakini Afrika haikuwa Atlantiki. Injini ziliwasumbua njiani mara kwa mara, na tarehe 27 Februari 1920 ilipokuwa ikijaribu kupaa Tabora, ndege ilianguka na kuharibika kabisa. Wote waliokuwamo walinusurika. Safari ile ya kwanza ya London hadi Cape Town ilikamilishwa na wengine, van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini, tena baada ya kuharibu ndege mbili na kumalizia na ya tatu, mwezi Machi mwaka huo.

Tafakari, ndugu msomaji, kazi iliyotangulia kabla ya ndege hizo kupita. Viwanja vilisafishwa kutoka Misri hadi kusini mwa Afrika kwa jembe, shoka na mikono ya wenyeji. Miti iling'olewa na vichuguu vikabomolewa. Majina ya marubani yameandikwa katika vitabu. Ya waliovibomoa vichuguu hayakuandikwa. Kila anayependa historia ya ndege katika nchi hizi anapaswa kulikumbuka deni hilo.

Miaka 12 baadaye zamu ya Dodoma ilifika. Tarehe 20 Januari 1932 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari za kila wiki za barua kutoka London hadi Cape Town, na abiria wakafuata mwaka huo huo. Njia ilipita Kisumu na Nairobi, kisha Moshi, Dodoma na Mbeya, ikaendelea kusini. Mji wetu, uliokuwa tayari kituo cha reli ya kati na njia panda ya barabara ya kutoka Cape hadi Kairo, ukawa pia kituo cha anga. Safari nzima ilichukua siku zisizopungua kumi. Msafiri alipanda ndege, akashuka akapanda treni, akapanda ndege ya kutua majini, kisha tena ndege ya nchi kavu, na usiku alilala hotelini kwa kuwa hawakuruka gizani. Mwaka 1937 shirika lilihamishia safari zake katika ndege kubwa za kutua majini, zikawa zinapita Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na Dodoma ikatoka katika njia kuu ya dunia. Ilikuwa imekaa ndani ya njia hiyo kwa miaka mitano tu.

Sasa tulirudie swali la msingi: ni kitu gani hasa wanachokipenda watu hawa?

Nionavyo, mambo ni matatu. La kwanza ni kwamba ndege ya kale huonesha kazi yake waziwazi. Katika ndege ya leo mengi yamefichwa ndani ya kompyuta. Katika Dragon Rapide unaona waya unaovuta usukani wa mkia, unaona mbao na mshono wa kitambaa. Mtoto akiitazama picha yake kwa makini huelewa ndege inavyofanya kazi kabla hajafundishwa fomula yoyote.

La pili ni kumbukumbu. Chombo hubeba ndani yake habari za watu waliokipanda, waliokitengeneza na waliokisubiri. Kwa wazee wetu, Super VC10 ilikuwa alama ya nchi tatu zilizoaminiana kiasi cha kumiliki ndege pamoja. Kwa vijana wa leo, Airbus A220 iliyopokelewa na Air Tanzania mwezi Desemba 2018 ikiwa na jina la Dodoma ubavuni ina fahari yake. Baada ya miaka 50, huenda kuna atakayeitafuta ndege hiyo kama wengine wanavyoitafuta 5H-MOG leo.

La tatu ni unyenyekevu. Anayesoma historia ya urukaji husoma kwanza habari za walioanguka. Abbas ibn Firnas wa Cordoba, mwanachuoni wa Andalusi aliyefariki mwaka 887, anatajwa na mwanahistoria al-Maqqari kuwa alijivika manyoya na mabawa, akajirusha kutoka mahali pa juu, akaelea kwa masafa fulani, kisha akatua vibaya na kuumia mgongo. Sababu inayotajwa ni kwamba hakuzingatia kuwa ndege wa angani hutumia mkia anapotua, naye hakujiwekea mkia. Hata kama masimulizi hayo yaliandikwa karne nyingi baadaye, hoja yake ni ya kitaalamu kabisa, kwani mkia ndio unaoituliza ndege. Qur'ani katika Surat al-Mulk imetuita tuwatazame ndege walio juu yetu wanavyokunjua na kukunja mabawa. Kutazama kwa mazingatio, basi, hakuanzia kwenye uzio wa kiwanja chetu.

Hata hivyo yule mzazi asipuuzwe. Mapenzi yoyote yakikosa mpaka huwa hasara. Mtoto anayechelewa Maghrib, anayeacha kazi za shule, au anayekaribia uzio na barabara ya magari kwa ajili ya kuona gurudumu likigusa lami, amevuka mpaka, na ni wajibu wetu kumrudisha. Kadhalika kiwanja cha ndege ni mahali pa ulinzi: haifai kupiga picha bila ruhusa, wala kuruka uzio, wala kurusha tiara au chochote karibu na njia ya ndege. Mambo hayo aambiwe mapema na kwa uwazi.

Na swali la riziki nalo lijibiwe bila kupambwa. Masomo ya urubani ni ya gharama kubwa, na familia nyingi za kwetu haziyawezi. Asidanganywe mtoto. Lakini rubani ni mmoja tu kati ya wanaoifanya ndege iruke. Kuna mafundi wa injini na wa umeme wa ndege, waongoza ndege, wataalamu wa hali ya hewa, wakaguzi wa usalama na wazimamoto wa viwanjani. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam hufundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege, na kipo pia chuo cha mafunzo ya usafiri wa anga kilicho chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Milango hiyo hufunguliwa kwa Hisabati, Fizikia na Kiingereza. Mtoto anayetaka kujua kwa nini ndege hukimbia zaidi Dodoma kuliko Dar es Salaam ameshapata sababu ya kulipenda somo la Fizikia, na mwalimu yeyote atakuambia kuwa kumpatia mtoto sababu ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Tulikubaliana na baba yule mambo manne, nami nayaandika hapa kwa kuwa huenda yakafaa nyumba nyingine. Daftari la hesabu libaki la hesabu, na mtoto apewe daftari lake la ndege. Kila anapoandika aandike tarehe, saa, namba ya usajili, idadi ya injini, mahali mabawa yalipo, na upepo unakotoka. Baada ya wiki chache atagundua mwenyewe kwamba ndege hupaa ikiukabili upepo. Kutazama kuwe siku mbili kwa wiki, akiwa na mkubwa, baada ya kazi za nyumbani. Na mara moja kwa mwezi amsomee baba yake alichokiandika. Sharti hili la mwisho lilitoka kwa baba mwenyewe. Alisema anataka kulichunga daftari. Mimi naona pia alitaka kulielewa.

Limebaki jambo moja ambalo si la mtoto huyo peke yake. Huko Msalato, kaskazini mwa jiji, unajengwa kiwanja kipya cha kimataifa ambacho jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2022, na barabara yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600. Ni neema kwa makao makuu ya nchi. Lakini kiwanja kikihama, mambo mengi huhama nacho au hupotea: picha zilizobandikwa ukutani, vitabu vya kumbukumbu, vibao, na zaidi ya yote masimulizi ya waliofanya kazi pale. Waliozipokea Dakota na Fokker Friendship, waliosukuma mapipa ya mafuta, waliowasha taa, walio hai wamezeeka. Katika safu za misikiti yetu wamo, na tunapeana nao salamu kila siku bila kuwauliza.

Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yamehifadhi magari waliyotumia viongozi wetu, na watoto huyatazama kwa furaha. Uingereza wameihifadhi ndege iliyozaliwa na alama yetu. Sisi tunaweza kuanza na kilicho rahisi zaidi, nacho hakihitaji fedha wala karakana. Kila familia yenye mzee aliyewahi kufanya kazi kiwanjani, relini au posta imkalishe mzee huyo pamoja na kijana mwenye daftari. Aulizwe ndege ya kwanza aliyoiona ilikuwa na sura gani, ilitua upande gani, ilibeba nini, na nani aliyeipokea. Majibu yaandikwe pamoja na tarehe ya mazungumzo. Picha za zamani ziandikwe nyuma majina ya waliomo, kabla hajaondoka anayewafahamu. Kamati yetu imekubali kuyapokea maandishi hayo na kuyatunza katika kabati la maktaba ya msikiti, na mtoto wa miaka 12 ninayemtaja hapa ameshapewa mzee wa kuanza naye.